Galactica au Lost: uanze na ipi, ukijua mashabiki walivyogombana juu ya mwisho

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Bando la mwezi analipiwa na mama yake, na halitoshi kuangalia kila kitu. Juzi akanipigia: "Shikamoo mjomba. Kati ya Battlestar Galactica na Lost nianze na ipi? Kila ninayemuuliza ananiambia mwisho wake mbovu."

Nilimjibu kwa haraka, kisha jibu langu lenyewe likaninyima usingizi. Nilizifuata tamthilia hizi mbili kwa miaka, nikiazima DVD mkono kwa mkono, na najua kwamba ukiuliza watu kumi wataje mwisho uliowakera, moja kati ya hizi haikosi kutajwa. Ya kwanza iliisha tarehe 20 Machi 2009 kwa episodi iitwayo "Daybreak". Ya pili iliisha tarehe 23 Mei 2010 kwa "The End". Miezi kumi na minne tu katikati, na kila moja ikaacha mashabiki makundi mawili ambayo mpaka leo hayajapatana.

Kwa hiyo naziweka ubavu kwa ubavu, nikianzia pale ambapo wengine huishia. Nitamwaga mwisho wa zote mbili, kwa sababu sioni namna ya kukusaidia kuchagua bila kusema watu walililia nini na walikasirikia nini. Kama hutaki kujua, nenda moja kwa moja kwenye aya mbili za mwisho.

Kwanza muda, maana ndio unaokula bando. Galactica ilianza na filamu ya sehemu mbili mwezi Desemba 2003, ikafuatwa na misimu minne, episodi zaidi ya 70. Zote pamoja ni kama saa 55. Lost ilianza Septemba 2004, misimu sita, episodi zaidi ya 110, saa 80 na ushee. Galactica ni msafara wa angani: Cylon, mashine zilizoundwa na binadamu, zimeteketeza sayari kumi na mbili, na watu 50,000 hivi waliosalia wanakimbia nyuma ya manowari moja kuukuu wakitafuta sayari ya kwenye masimulizi iitwayo Dunia. Lost ni ndege iliyotoka Sydney kwenda Los Angeles ikaangukia kisiwani, na kisiwa hicho kina sumaku za ajabu, safari za kurudi nyuma katika wakati, na moshi mweusi unaoua. Baadhi ya watu hukataa kuiita bunilizi ya kisayansi. Mimi naiita hivyo, angalau hadi msimu wa tano.

Sasa "Daybreak"

Lazima uelewe mashabiki wa Galactica walikuwa wamefika wapi kabla ya usiku ule. Tamthilia yao ilikuwa imezungumzia utesaji wa mateka, ukaliaji wa nchi kwa mabavu, wizi wa kura na mabomu ya kujilipua, wakati Marekani yenyewe iko vitani Iraki. Siku tatu kabla ya mwisho, tarehe 17 Machi 2009, watayarishaji na waigizaji wake walialikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kujadili haki za binadamu na vita. Ni nadra tamthilia ya vyombo vya angani kupewa heshima hiyo. Mashabiki walikaa mbele ya runinga wakisubiri jibu lenye uzito wa kisiasa na kisayansi. Wakapewa malaika.

Kara Thrace, rubani aliyekufa msimu wa tatu kisha akarudi bila maelezo, anasimama mbugani akizungumza na Lee Adama, rubani mwenzake. Lee anageuka, akiangalia tena hayupo. Basi. Hakuna anayeeleza alikuwa nini. Wale mwanamke na mwanamume wasioonekana na wengine, ambao kwa miaka minne tulidhani ni kichaa cha mwanasayansi Gaius Baltar au kifaa alichopandikizwa kichwani, wanathibitishwa kuwa wajumbe wa nguvu iliyo juu. Hapo ndipo hasira ilipoanzia. "Mungu ndiye aliyefanya" likawa neno la kulaani mwisho huu. George R. R. Martin mwenyewe, ambaye riwaya zake zinajulikana kila mahali, alilalamika hadharani kwamba mwandishi huonywa asifanye hivyo tangu somo la kwanza. Haki ni haki: Lost nayo haikumpendeza.

Wanaoitetea "Daybreak" wana hoja ambayo naiona nzito. Dini ilikuwemo tangu saa ya kwanza. Cylon wanahubiri Mungu mmoja, binadamu wanaabudu miungu mingi, Rais Laura Roslin anaota ndoto zilizoandikwa kwenye vitabu vyao vitakatifu. Mtu aliyechukulia mambo hayo kama mapambo alijidanganya mwenyewe. Lakini hoja hiyo haimalizi kesi. Kuonyesha imani ya watu ni jambo moja, na kuitumia imani hiyo kufungua fundo ambalo mwandishi alishindwa kulifungua ni jambo jingine. Ronald D. Moore, aliyeiandika episodi hii, amesimulia kwamba alipokwama katika msuko wa hadithi aliandika ubaoni kujikumbusha kuwa cha muhimu ni wahusika. Ukijua hilo, utaielewa "Daybreak" yote: msuko umeachwa ujimalizie, wahusika wameshikwa kwa mikono miwili.

Na wahusika walimalizwa vizuri jamani. Roslin amekula chumvi ya uongozi akiwa na saratani tangu siku ya kwanza. Mwisho anakaa kando ya Bill Adama, kamanda wa manowari, katika chombo kidogo kinachoruka chini juu ya mbuga, anaangalia wanyama na ndege, anasema neno lake la mwisho juu ya wingi wa uhai ule, na anakata roho. Adama anavua pete yake na kumvisha. Nimeona wanaume wazima wakitoka nje "kupokea simu" katika dakika hiyo. Kisha kuna Baltar, mwanasayansi aliyeficha lafudhi yake maisha yote ili asijulikane kuwa ni mtoto wa mkulima. Wamebaki mikono mitupu katika nchi mpya, anamwambia mpenzi wake kwamba kuna mahali pazuri pa kulima, kwamba yeye kilimo anakijua, na sauti inamkatika. Kwa mtu yeyote aliyetoka kijijini akaenda mjini akaikana jembe, kipande hicho kina thamani ya saa zote 55.

Lalamiko la pili la mashabiki lilikuwa juu ya uamuzi wa kutupa teknolojia. Watu 38,000 hivi wanafika, na Lee anapendekeza wasijenge mji. Vyombo vyote vielekezwe juani. Wanakubali, karibu bila ubishi. Mashabiki waliuliza, na wana haki ya kuuliza: dawa je? Mama anayejifungua vibaya je? Kilimo cha binadamu tunachokijua kina umri wa miaka 10,000 na kitu hivi, na hadithi inatuambia hawa walifika miaka 150,000 iliyopita, kwa hiyo chochote Baltar alichopanda kilisahaulika. Naungana na walalamikaji hapa. Watu ambao kwa miaka minne waligombania kila tembe na kila lita ya mafuta wasingesalimisha hospitali zao ndani ya mazungumzo ya dakika mbili.

Kisha linakuja jambo linalotuhusu sisi.

Hadithi inaruka miaka 150,000 hadi New York ya leo. Wale malaika wawili wanachungulia gazeti mikononi mwa mtu barabarani, na huyo mtu ni Moore mwenyewe. Wanasoma kwamba wanasayansi wamepata mabaki ya msichana anayeaminika kuwa Hawa wa Mitokondria, yaani mama wa kale ambaye watu wote walio hai leo wanatokana naye kwa mstari wa akina mama, na kwamba aliishi katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Msichana huyo ni Hera, mtoto wa baba binadamu na mama Cylon. Nilikuwa Arusha, tuko watu sita sebuleni, na jina la nchi lilipotajwa shemeji yangu alisimama. Tulirudisha nyuma mara tatu. Tumekulia karibu na Olduvai, mahali lilipopatikana fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na karibu na nyayo za Laetoli zenye miaka milioni 3.6. Kusikia mwisho wa safari yote ile ya nyota umefikia kwetu kulitupa furaha ambayo sitaidharau kamwe.

Na kuna uzuri wa kisayansi uliowafurahisha wengi. Mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyoipa nguvu, hurithiwa kwa mama peke yake. Mama wa Hera ni Cylon. Kwa hiyo, ndani ya hadithi, kila mmoja wetu aliye hai amebeba kitu cha Cylon kilichopokezwa mama kwa binti, mama kwa binti. Vita vya misimu minne juu ya nani ni mtu na nani ni mashine vinamalizika ndani ya damu yetu wenyewe. Wanaoijua sayansi hiyo walikuwa na sahihisho moja la haki: gazeti linamtaja kama mhenga wa karibuni zaidi wa watu wote, ilhali Hawa wa Mitokondria ni wa mstari wa akina mama tu. Wanawake wengine wa zama zake nao wana wajukuu leo, kupitia wana wao wa kiume.

Lakini furaha yetu sebuleni haikudumu usiku mzima. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, alikaa kimya halafu akauliza: wale watu waliokuwa tayari wanaishi hapa je? Maana wapo. Wageni wanawatazama kwa darubini kutoka kilimani, wanaona wana zana duni, wanaamua hawana lugha, na wanasema watawapa lugha. Mgeni anatua, anakuta watu, anahukumu kwamba hawasemi kitu kabla hajawasalimia. Sisi hadithi hiyo tumeisoma darasani na babu zetu waliiishi. Katika malalamiko mengi niliyokutana nayo kutoka ng'ambo kuhusu "Daybreak", malaika wametajwa sana na hili limetajwa kidogo, na mimi naona ndilo doa lake kubwa zaidi. Nampenda Roslin, nampenda Baltar, lakini kipande hicho kila nikikiangalia kinanichoma.

Upande wa pili: "The End"

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu ugomvi wa Lost ni mpana lakini haukuzama kiasi kile.

"The End" ilikaa hewani saa mbili na nusu pamoja na matangazo ya biashara, na Marekani peke yake iliangaliwa na watu milioni 13.5 hivi. Uingereza ilirushwa alfajiri ili watu waione sambamba na Wamarekani. Kisiwani, daktari Jack Shephard anapigana na yule mtu wa nguo nyeusi, ambaye ndiye ule moshi, aliyevaa sura ya abiria mwenzao John Locke, anakirudisha kisiwa katika uzima, kisha anatembea amejeruhiwa hadi kwenye mianzi ileile alipoamkia katika episodi ya kwanza. Mbwa Vincent anakuja kulala kando yake. Jicho linafumba. Tamthilia ilifunguka kwa jicho hilohilo kufumbuka.

Pembeni ya hayo kulikuwa na maisha mengine tuliyoonyeshwa msimu mzima wa sita, ambamo ndege haikuanguka. Kanisani, baba yake Jack anamweleza: hapa ni mahali mlipopatengeneza wenyewe ili mkutane tena baada ya kufa, kila mtu kwa wakati wake, na yaliyotokea kisiwani yalitokea kweli. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Waislamu tunaifahamu barzakhi, Wakatoliki wana toharani yao, na kioo cha rangi nyuma ya mzee huyo kina alama za dini mbalimbali. Kwetu ilieleweka mara moja. Kwa watu wengi nje ilichanganya vibaya, na hadi leo utamsikia mtu akiapa kwamba "walikuwa wamekufa tangu mwanzo". Hapana. Sehemu ya lawama iko kwa picha: wakati majina yanapita, kituo cha ABC kiliweka picha tulivu za mabaki ya ndege ufukweni, bila watu, ili watazamaji wapumue kabla ya taarifa ya habari. Watu wakazisoma kama ushahidi kwamba hakuna aliyenusurika, na kituo kikalazimika kueleza kuwa hazikuwa sehemu ya hadithi.

Hasira nyingine ya Lost ilikuwa ya deni. Waandishi wake wakuu, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walikuwa wamewafundisha watu kuhesabu maswali: zile namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42, kwa nini wajawazito hufa kisiwani, mtoto Walt alikuwa na uwezo gani, yule mtu wa nguo nyeusi jina lake nani. Tena tangu 2007 ilitangazwa kwamba mwisho utakuwa 2010, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema waandishi walikatishwa ghafla. Yalipobaki maswali, mashabiki walijiona wamekopwa. Lindelof alishambuliwa kwa miaka, hadi Oktoba 2013 akafunga akaunti yake ya Twitter. Kipande cha dakika 12 kilichotolewa na DVD mwaka 2010 kilijibu machache, lakini kidonda kilikuwa kimeshachimbika.

Ila waulize hao hao waliokasirika kuhusu wapenzi Sawyer na Juliet mbele ya mashine ya kununulia chokoleti hospitalini, wanapogusana na kukumbuka kila kitu. Au Locke anavyoinuka kutoka kiti cha magurudumu. Au Ben Linus anayebaki nje ya kanisa kwa sababu bado hajawa tayari kujisamehe, na Hurley, aliyeachiwa kukilinda kisiwa, anamwambia alikuwa msaidizi mzuri. Watalainika.

Ukiziweka pamoja

Galactica ilituahidi maana, Lost ilituahidi majibu. Kila wiki, mwanzoni mwa Galactica, maandishi yalisema Cylon wana mpango, na mashabiki wakaungoja mpango huo ambao haukuja kwa namna waliyoitaka. Lakini mzigo mkubwa ulikuwa swali jingine: binadamu wanastahili kuishi? Swali hilo "Daybreak" inalijibu, hata kama hulipendi jibu. Lost ilijenga kila episodi juu ya fumbo, na mwisho ikasema kilichokuwa muhimu ni watu. Sipingi, ila ilichelewa kutuambia.

Tofauti nyingine ni ya kungoja. Waliokasirika zaidi mwaka 2010 walikuwa wamebeba maswali yao kwa miaka sita, wiki kwa wiki, wakijadili ramani na namba. Anayeangalia leo episodi tatu kwa usiku hana muda wa kupika nadharia zikaiva. Niliowaonyesha Lost miaka hii ya karibuni wamelia kanisani na hawakudai chochote kuhusu namba. Galactica haisaidiwi hivyo. Kara akitoweka, anatoweka kwa kila mtu, na yule uliyemwonyesha atakugeukia akuulize.

Kama yote mawili yanakutia hofu, iko njia ya tatu. Moore huyuhuyu, pamoja na Brannon Braga, aliandika "All Good Things...", mwisho wa Star Trek: The Next Generation, Mei 1994, uliopewa Hugo, tuzo ya bunilizi za kisayansi, na unaopendwa karibu na kila shabiki. Lakini usidhani jina la mwandishi linatosha kukuhakikishia. Miaka kumi na moja baadaye Braga, safari hii na Rick Berman, aliandika mwisho wa Star Trek: Enterprise. Tamthilia ikafungwa na wahusika wa tamthilia nyingine, mhandisi aliyependwa sana akauawa ovyo, na mashabiki hawajausamehe.

Sasa jibu langu kwa mpwa wangu. Kama unaangalia peke yako, au na rafiki mnayeweza kubishana naye hadi saa nane za usiku, anza na Galactica. Usiruke filamu ya Desemba 2003, maana bila hiyo hutajua nani ni nani. Ina vita, mateso na mambo ya chumbani, kwa hiyo usiiwashe sebuleni bibi akiwepo. Kama mnaangalia nyumba nzima, mama, dada na majirani, anzeni na Lost. Msimu wa kwanza peke yake utawaunganisha, na mwisho wake unaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kumzika mpendwa wake. Mtu asiyevumilia swali kubaki bila jibu aniamini: aiache Lost. Na asiyevumilia mkono wa Mungu ndani ya hadithi ya sayansi aiache Galactica, au aiangalie hadi episodi ya mwisho ya msimu wa tatu na asimame hapo.

Mimi ningechagua Galactica tena, pamoja na doa lake. Mpwa wangu kachagua Lost, kwa sababu mama yake naye anataka kuangalia. Nimemwomba jambo moja tu: jicho la Jack likifumba, kama nakala yake ina zile picha za mabaki ufukweni, azime kabla hazijaanza.